Siku Nzilani Alipokula Penye Moto wa Wanaume

Dada yangu Nzilani alikuwa na mwiko wake mwenyewe. Alikuwa pia na sufuria yake, kikaango chake na chujio lake la chai, na kila kimoja alikifunga uzi mwekundu wa cherehani kwenye mkono ili mtu asikichukue kwa makosa. Mgeni akiingia jikoni kwake pale Matinyani aliuliza kama uzi ule ulikuwa wa dawa.

"Ni wa dawa," alikuwa akijibu, kwa sababu alikuwa amechoka kueleza.

Tulipokuwa watoto hatukuijua ngano. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu na kupikwa pamoja na mbaazi au maharagwe. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi. Nzilani alikuwa msichana mwenye nguvu kuliko mimi ingawa mimi nilikuwa mvulana, na alipanda kutoka mtoni na mtungi bila kupumzika njiani. Mwaka wa 1968 aliolewa na Mulei, fundi wa baiskeli mjini Kitui, na katika nyumba hiyo ya mjini ndipo alipoanza kula mkate kila asubuhi. Mkate na chai ya maziwa vilikuwa alama kwamba mtu ameendelea. Mwaka uliofuata walimpata Muthama, mtoto wao wa kwanza.

Baada ya Muthama, tumbo likaanza. Lilikuwa likijaa na kuunguruma, kisha linaendesha siku nne, tano, linatulia, linaanza tena. Alikonda. Damu yake ilipungua mpaka viganja vikawa vyeupe. Mimba mbili ziliharibika. Alipewa dawa ya minyoo, akapewa dawa ya amiba, akapewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo vilipita tu. Mama mkwe wake alisema kuna mtu, na akamtaja jirani aliyekuwa hana kosa lolote, na jirani yule akahama.

Jambo ambalo bado linaniuma ni hili. Kwetu mtu akiugua haendewi mikono mitupu. Anapelekewa mkate. Nzilani akilazwa tulikuja na mikate, mimi, mke wangu, akina mama wa kanisa, wote, na tulikuwa tukimkatia slesi na kumbembeleza: "Kula, upate nguvu." Alikuwa akila kwa heshima yetu. Tuliendelea hivyo miaka kumi na tano. Nimehesabu katika madaftari yangu mara saba alizolazwa, na kila mara nimeandika nilichompelekea, na mara sita kati ya hizo ni mkate.

Mwaka wa 1985 nilimpeleka Nairobi kwa daktari mmoja aliyemwingiza mpira kooni hadi tumboni na kutoa kipande kidogo cha nyama ya utumbo. Tulirudi baada ya wiki tatu. Daktari alisema ugonjwa unaitwa siliaki. Alirudia mara tatu ndipo nikauandika. Alisema ngano ndiyo inayomkwaruza utumbo, na shayiri vilevile, na kwamba hakuna dawa ila kutokula. Asile chapati, mkate, mandazi, tambi wala biskuti.

"Hata kidogo?" niliuliza.

"Hata punje."

Tulitembea hadi kituo cha mabasi. Hapo Nzilani akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kwa hiyo nimetoka nyumbani nikala maendeleo, maendeleo yakanila."

Alipoacha ngano alipona. Miezi minne ilipopita aliweza kuketi kwenye cherehani yake siku nzima akishona sare za shule. Chakula chenyewe hakikuwa shida, maana kilikuwa kile cha mama yetu. Siku ya Jumatatu aliamka mapema awe wa kwanza kwenye mashine ya kusaga, kabla ya mtu yeyote kuleta ngano, na hata hivyo unga wa mwanzo, bakuli moja au mawili, aliwapa kuku. Wakati huo walikuwa wamehamia Matinyani, na akienda mjini alipita kwa Mwanamisi, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti. "Njoo, mwanangu," Mwanamisi alikuwa akimwita. "Changu mchele mtupu. Ngano haijaingia humu hata kwa kuota." Nje ya nyumba yake, hapo tu ndipo nilipomwona dada yangu akila bila kuuliza swali.

Kilichomchosha ni watu. Katika nchi yetu chapati ndicho chakula cha mgeni. Mwenye nyumba aliyekukandia unga amekupa heshima, na wewe ukiikataa umemwambia jambo baya bila kufungua mdomo. Nzilani alieleza. Alieleza kwa shemeji zake, kwa mchungaji, kwa walimu wa shule waliokuwa wateja wake. Walimsikiliza vizuri kabisa, wakatikisa vichwa kwa huruma, halafu wakasukuma sahani mbele yake.

"Basi kidogo tu, mama Muthama."

"Hata kidogo."

"Hii ni ya ata, ule unga wa kahawia, si ile nyeupe. Ata ni nzuri kwa tumbo."

Pasaka moja alikubali nusu chapati kwa dada ya Mulei, ili maneno yaishe. Alilala kitandani siku tisa.

Mwaka wa 1991 Muthama alitaka kuoa msichana wa familia moja ya mjini. Tulikwenda, wakapika chapati za kutosha kijiji kizima, na Nzilani akanywa chai peke yake. Tulieleza, lakini tulieleza tukiwa tayari mezani, na huko ni kuchelewa. Wiki mbili baadaye tukaletewa habari kwamba familia ile haiwezi kutoa binti kwa mama mkwe anayewaona kuwa watu wa sumu. Na wengine wakaongeza kwamba yule mama alivyokonda zamani, na ugonjwa ulioingia nchini siku hizi, mtu asiulize sana. Muthama hakumlaumu mama yake. Alinyamaza tu, na kwa muda wa mwaka mzima hakuleta jina la msichana yeyote nyumbani. Nzilani aliona ule ukimya kuwa mzigo wake.

Kisha akaja Muthoki, mwalimu wa chekechea kutoka milima ya Mbooni. Muthama alimpenda, hata mtu asiyeona angejua. Siku ya ntheo ilipangwa iwe Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti, 1993.

Ntheo ni mbuzi ambao upande wa mvulana hupeleka kwa akina msichana. Wakishachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, msichana ni mke, hata kama mahari haijamalizwa na arusi ya kanisani haijafika. Asiyeila nyama ile hajamkubali msichana. Hakuna njia ya kulieleza kwa upole zaidi.

Safari hii tulijifunza. Muthama alimweleza Muthoki mapema, kwa mdomo na kwa barua, na Muthoki akajibu kwamba ameelewa, asiwe na hofu. Hata hivyo, tulipokuwa ndani ya pikapu ya kukodi, mbuzi watatu wakilia nyuma yetu, Nzilani aliniambia kwa sauti ya chini:

"Leo nikiona hakuna njia, nitakula."

"Hutakula."

"Wiki mbili zitapita. Nimeshazizoea. Lakini Muthama akikataliwa mara ya pili kwa ajili ya tumbo langu, hiyo haitapita."

Kisha akafumba macho.

Nyumba ya Jonah Kivuva, baba ya Muthoki, iko juu ya mteremko mkali, na tulipanda kwa miguu tukivuta mbuzi. Mbooni kuna baridi mwezi wa Agosti. Wanaume walibaki uani, ambako mbuzi wawili walichinjwa, wa tatu akafungwa zizini, na moto ukawashwa wa kuchoma. Akina mama waliingia ndani, na sehemu yao ya nyama ikapelekwa jikoni ichemshwe. Dada yangu husikia baridi kuliko watu wengine, kwa hiyo baada ya muda nilimpelekea sweta yake, na bibi ya Muthoki, mama mzee aitwaye Kavata, akaniambia niketi hapo mlangoni nisizibe mwanga.

Muthoki aliingia na maji ya kunawa, halafu sahani ya mama mkwe wake, aliyoibeba kwa mikono miwili. Ilikuwa wali, na juu yake nyama ya mbuzi ndani ya mchuzi. Wenzake walipelekewa chapati pia, lakini sahani zao ziliingia kwa mlango mwingine.

"Mama," alisema, "hapa kwetu leo unga wa ngano haujakandwa. Chapati za wageni nimezipikia kwa jirani tangu jana, ili vumbi lake lisiruke jikoni. Sufuria hii ya nyama ni mpya."

Nzilani alimtazama. Nilifikiri atalia. "Asante, mwanangu," alisema.

Alishika kijiko. Kisha akainamisha sahani upande mmoja, kidogo tu, jinsi alivyozoea kufanya, na mchuzi haukukimbia. Ulisogea polepole, mzito, ukimetameta, ukasimama ukingoni mwa wali.

Mimi pia niliuona.

"Muthoki," akauliza kwa upole, "mchuzi umekuwa mzito vizuri hivi kwa njia gani?"

Msichana alitabasamu kwa fahari. "Tulifundishwa shuleni, mama, katika sayansi kimu. Mchuzi wa wageni usiwe kama maji. Unakoroga unga vijiko viwili na maji baridi, halafu..."

Mkono ukaenda mdomoni.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa amefukuza chapati hadi kwa jirani. Lakini watu wetu wanaijua ngano kwa sura ya chapati na mkate. Vijiko viwili ndani ya mchuzi si ngano, ni mapishi.

"Kuna nini?" aliuliza mzee Kavata, ambaye masikio yake yalikuwa mazuri kuliko meno yake. "Mbona hali?"

"Susu, ni mimi," Muthoki alimwambia bibi yake. "Nimekosea. Nimetia unga."

"Unga ni kosa tangu lini?" Kavata alimgeukia Nzilani. "Mwaitu, mama wa Kitui, nyama yetu ina nini? Tumechinja nyoka?"

"Hapana, mama. Nyama ni nzuri. Ni mwili wangu."

"Mwili! Watu wa Kitui ndio dunia nzima inawaogopa kwa dawa zao, leo mnatuogopa sisi wa Mbooni?" Akina mama wengine walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. "Mimi ni mzee. Nimeona ntheo nyingi. Sijaona mama mkwe akaiangalia sahani kama barua ya serikali. Kula kidogo tu, tumalize."

Kidogo tu. Niliuona uso wa dada yangu ukilegea aliposikia maneno yale. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyepanda mlima akaonyeshwa mlima mwingine. Alikichovya kijiko ndani ya mchuzi. Nilisimama, na nikamwita jina lake kwa sauti ambayo sikukusudia iwe kubwa.

Alikiweka kijiko chini. "Sweta yangu," alisema. Nikampa. Aliivaa, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akatoka nje.

Penye moto wa kuchoma mwanamke hafiki. Hapo kuna wazee, visu, na maneno yao. Nzilani alitembea moja kwa moja mpaka akasimama mbele ya Jonah Kivuva, aliyekuwa akigeuza paja la mbuzi kwa kijiti. Mulei, mume wake, alitazama chini kwenye viatu vyake.

"Mwaitu," Jonah alisema, "huku kuna moshi."

"Nauona."

"Huku ni kwa wazee."

"Najua, baba Muthoki. Sitakaa. Nyama hii imetiwa nini?"

"Chumvi."

"Na hicho kisu kimekata nini kingine leo?"

"Koo la huyu mbuzi."

Mtu mmoja alicheka puani. Mzee mmoja wa upande wao, Kiema, mwenye kofia ya sufu, akasema, "Mulei, mke wako ameingizwa lini kwenye baraza la wazee?"

"Leo asubuhi," Mulei alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi pia ndiyo naambiwa sasa."

Wakacheka wote, na ule ugumu ukalegea kidogo. Nzilani hakucheka. Alizungumza kama mtu anayesoma orodha aliyoisoma mara mia.

"Nina ugonjwa wa tumbo. Ngano ikiingia ninaanguka, hata kijiko. Binti yako amejitahidi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, lakini kumeingia unga kwenye mchuzi, na mimi siwezi kuula. Nilikaribia kuula. Mbuzi huyu tumemleta sisi na mmemchinja ninyi, na nisipomla leo mtasema nimemkataa msichana. Sijamkataa. Nikatie kipande hapo, nile hapa, kila mtu akiniona. Mkitaka faini ya mwanamke kufika motoni, mtaniambia."

Jonah aliugeuza ule mguu mara mbili zaidi, ingawa ulikuwa umeiva. Nilimhesabia pumzi. Kisha akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye jani safi la mgomba, akampa kwa mikono miwili.

Alikula akiwa amesimama. Nyama ya mbuzi wa ntheo ni ngumu, na yeye hutafuna polepole. Nilisikia miguu nyuma yangu, na alikuwa mzee Kavata, aliyefika na fimbo yake mpaka ukingoni mwa ua.

"Ameitafuna?" aliuliza.

"Anatafuna, mama," Jonah alisema.

"Nataka kuona. Fungua mdomo."

Dada yangu, mama wa miaka arobaini na mitano, fundi anayeheshimiwa na shule nne, alifungua mdomo mbele ya wanaume kama mtoto kliniki. Kavata aliinama, akachungulia kushoto na kulia.

"Amemeza," alisema. "Haya. Msichana ameolewa. Mnangoja nini?"

Vigelegele vikatoka ndani ya nyumba. Muthama alikuwa amesimama nyuma ya mti wa parachichi na kaka za Muthoki, na nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Sahani ilibaki pale ndani. Sahani ambayo msichana amempakulia mama mkwe wake hairudi jikoni ikiwa imejaa siku ile, kwa hiyo niliingia nikaila mimi, wali wote, nyama yote na mchuzi wote. Nilikuwa nimeshashiba. Lazima niseme ulikuwa mchuzi mzuri sana.

Nilipomaliza nilikwenda kumtafuta Nzilani nikamkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, na Muthoki amejiinamia karibu naye akilia.

"Nimekuaibisha, mama. Mpaka kufunguliwa mdomo."

"Nyamaza. Unajua ni watu wangapi wamewahi kupeleka chapati kwa jirani kwa ajili yangu?"

"Wangapi?"

"Wewe."

Muthoki alifuta macho. "Nifundishe yote. Niambie sasa, vitu vyote vyenye ngano. Nitaandika."

"Utaandika," Nzilani alisema, na akaegemeza kichwa ukutani. "Mjomba wako huyu ana daftari, atakupa. Leo mimi siwezi kuongea tena habari ya ngano, mwanangu. Nipe maji ya moto tu."

Akaletewa maji ya moto. Akayanywa taratibu akiwa amefumba macho, mikono yote miwili ikikizunguka kikombe.

Tulianza kuteremka kabla jua halijashuka. Njia ni ya mawe, na Nzilani alinishika bega. Mulei na Muthama walitangulia wakizungumza kwa sauti, wenye furaha, na sisi tuliwaacha waende.

"Umeona?" nilimwambia. "Imekwisha."

"Msichana mmoja na bibi mmoja wamejua," alisema. "Bado shangazi. Bado kanisa lao. Bado watoto wa Muthoki watakapozaliwa na wageni wa kuja kuwaona." Alisimama kupumua. "Lakini ameolewa."

"Ameolewa."

Tukasikia mtu akikimbia nyuma yetu, kokoto zikiporomoka. Alikuwa shangazi mdogo wa Muthoki, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, anahema, uso wake umejaa sherehe.

"Mama Muthama! Mama Muthama, ngoja! Tumesahau kukuuliza. Keki ya arusi, ile ambayo maarusi watakulisha mbele ya watu, unaipenda ya rangi gani?"

Dada yangu alimtazama. Akanitazama mimi. Akatazama njia iliyobaki, yote, mpaka kule chini pikapu ilikokuwa ikingoja.

"Yoyote, mwanangu," alisema. "Ya rangi yoyote."

Akanishika bega tena, tukaendelea kuteremka.